Picha Zilizopigwa Pasi

Watu wa mji ule walimwita Pasi, naye aliipenda lakabu hiyo kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa akipiga picha wageni, wale wanaokuja kupumzika kwenye hoteli za kandokando ya ziwa, na hakuna kunyanzi wala chunusi iliyopita mikononi mwake ikatoka salama. Aliwahi kumnyoosha bibi mmoja wa miaka sabini mpaka wajukuu wakauliza yule dada ni nani. Watu walicheka, lakini bibi mwenyewe alirudi mwaka uliofuata na mashoga zake watatu.

Ukimuuliza, Pasi angekuambia kuwa kazi yake hasa si kupiga picha. Picha kila mwenye simu anapiga. Kazi yake ni kumsitiri mteja. Somo hilo alilipata kwa mama yake, mwanamke aliyejifunga mtandio mpaka kidevuni kila baba alipoamkia upande mbaya, kisha akawapokea wageni sebuleni kwa bashasha kana kwamba nyumba nzima ina sherehe. Pasi, mtoto wa kwanza, ndiye aliyekuwa akimshikia kioo. Alikua akiamini kwamba huo ndio wema wenyewe, kuiona aibu ya mtu na kuifunika kabla hujaombwa.

Ujumbe wa mke wa mtu mmoja uliingia Jumatatu asubuhi. Amefika na mumewe kwa mapumziko ya siku tano, wako kwenye hoteli ile yenye bustani ya ngazi za mawe, na angependa kuweka miadi ya muda wa saa moja kesho yake, kuanzia saa nne asubuhi, wao wawili tu. Mpaka hapo ulikuwa ujumbe kama jumbe nyingine. Kisha yakafuata maswali ambayo Pasi hakuyazoea. Je, picha hubaki na tarehe ndani yake? Hubaki. Zinaweza kutumwa kwa mtu mwingine badala ya simu yake? Zinaweza. Mke akaandika anwani ya dada yake mkubwa, na mwisho akaomba jambo moja, kwamba apigwe picha kama alivyo na asitengenezwe chochote. Asijibu tena, akasema, kwa sababu mazungumzo haya anayafuta sasa hivi.

Pasi alitabasamu na kikombe chake mkononi. Hakuna mteja asiyesema hivyo. Wote hutaka kuonekana walivyo, na ukiwapelekea walivyo wananuna wiki nzima.

Walikutana Jumanne kwenye bustani ile, na mume alikuwa mtu wa kupendeza, tuseme ukweli. Alimpokea Pasi begi la lenzi, akamwita dada yangu, akataniana na mtunza bustani kuhusu maua yaliyokataa kuchanua. Alieleza bila kuulizwa kwamba mapumziko haya ni zawadi kwa mke wake, maana Jumamosi walikorofishana kidogo, na yeye si mtu wa kuweka kinyongo. Mke alisikiliza hayo akiangalia maji. Alikuwa amevaa gauni la shingo wazi na juu yake mtandio mzito, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Kila mtandio ulipoteleza, mume aliurudisha kwa mkono wake mwenyewe, polepole.

Macho ya Pasi yalikuwa macho ya kazi, na hayakuacha kitu. Aliona jinsi mke alivyokuwa akiacha kupumua kila mkono wa mume ulipotua begani. Aliona, akajitia hamnazo. Alibadilisha lenzi, akawaomba wasogeleane.

Nusu saa hivi ilipopita, simu ya mume iliita. Haikushika vizuri pale chini, akapanda ngazi kuelekea barazani, huku akigeuka nyuma kila baada ya hatua mbili tatu mpaka alipotokomea nyuma ya ua wa miti. Hapo hapo mke akauvua mtandio, akaketi kwenye ngazi ya mawe na kuielekeza shingo yake juani.

"Haraka," alisema. "Huku kwanza. Halafu na huku."

Upande mmoja wa shingo kulikuwa na alama nne zilizopangana, zambarau iliyoanza kugeuka njano. Upande wa pili kulikuwa na moja, pana. Pasi hakuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani wala ulishika kwa namna gani. Alipiga picha kumi na moja, na kila alipobonyeza alikuwa amesimama tena chumbani kwa mama yake, kioo mkononi. Mazoea yakamfanya atoe poda kwenye begi. Mke akausukuma mkono wake.

"Nazitaka hivi hivi. Dada anazisubiri."

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu," Pasi alimwambia, na alimaanisha kwa moyo wake wote. "Nitakusitiri."

Mke akashtuka, akaanza kukataa, "Hapana, siyo..." lakini viatu vya mume vilikuwa tayari kwenye changarawe. Mtandio ukarudi shingoni. Mume aliomba kuona kilichopigwa, naye Pasi akamwonyesha zile za mwanzo tu, akaziruka zile kumi na moja kwa kidole chepesi. Aliondoka pale akijiona shujaa, na kwa jambo hilo moja alikuwa na haki.

Mtu atauliza, kwani hakuelewa? Alielewa nusu, nusu ile isiyomsumbua. Alijua mwanamke yule amepigwa. Alichokataa kukijua ni kwa nini mtu aliyepigwa atake kuonekana, kwa sababu kwao hakuna aliyewahi kutaka hivyo.

Mchana huo alikaa mbele ya kompyuta. Za mume na mke alizimaliza haraka. Alipofika kwenye zile kumi na moja alisita, akainuka, akafagia chumba ambacho hakikuwa kichafu, akarudi. Akawaza kwamba dada naye ni binadamu, atamwonyesha mama yao, mama atamwonyesha jirani, na shingo ya yule binti itazunguka kwenye simu za watu wasiomjua. Akawaza kwamba siku moja binti mwenyewe atataka kuwaonyesha watoto wake lile ziwa. Akaanza kusafisha. Alichukua ngozi ya chini ya mfupa wa mtulinga, akaipandisha juu kidogo kidogo, alama moja baada ya nyingine, akilinganisha kivuli na kivuli. Saa mbili nzima. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alilia alipokuwa akiifanya.

Alipozituma, dada mtu alijibu kwa mstari mmoja tu, kuuliza kama hizo ndizo zote. Pasi akamjibu kuwa ndizo zote, karibuni tena. Siku mbili baadaye mume naye akaandika, kwa adabu ile ile, kuomba nakala za ukumbusho. Pasi alimtumia zote. Zile kumi na moja sasa hazikuwa na siri yoyote, na mke alikuwa ametoka vizuri mno ndani yake, ingekuwa dhambi kuzibania. Ijumaa alifuta kadi na kompyuta kama alivyofanya kila Ijumaa. Hilo pia lilikuwa sehemu ya kumsitiri mteja, kutoacha nyuso za watu zikizagaa.

Wiki nne zilipita. Kisha mlangoni pake akaja mwanamke mwenye sare ya uuguzi na viatu vyenye vumbi la safari. Alikataa kiti. Alijitambulisha kuwa ndiye dada wa yule mke aliyepigwa picha kwenye ngazi za mawe, akaeleza yote bila kupandisha sauti, na afadhali angeipandisha.

Yule mume alikuwa akimkagua mkewe simu kila jioni, ndiyo maana mdogo wake hakuweza kujipiga picha mwenyewe. Miadi ile ya Jumanne ilikuwa njia pekee aliyoifikiria, apigwe picha na mtu baki, mchana, huku tarehe ikibaki ndani ya picha. Dada alipozipokea na kuona shingo isiyo na alama, alidhani alama zilikuwa zimeshaisha kabla mdogo wake hajapata nafasi ya kuvua mtandio. Mume alipozipokea zake alidhani vingine. Aliona shingo wazi katika picha ambazo hakuwepo, akajua mara moja mke wake alikuwa akitafuta nini. Alimfungia ndani siku kumi na tisa. Dada alipokuja kumtoa pamoja na majirani, shingoni hakukuwa na kitu tena. Sasa wako kwa hakimu, kuomba amri ya kumzuia shemeji asimsogelee, naye shemeji amepeleka picha. Hoja yake ni fupi: mke anadai alikabwa Jumamosi. Hii hapa shingo yake Jumanne.

"Nimekuja kuchukua zile za kwanza," dada alisema. "Kabla hujazigusa."

Pasi alimwaga droo nzima juu ya meza. Kadi zilikuwa zimeshapita harusi mbili na mahafali. Walikwenda pamoja kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, akahangaika nazo mpaka adhuhuri, akatoa sura za maharusi na keki na mjomba wa mtu aliyefumba macho. Shingo ile haikuwamo. Dada alimshukuru fundi, akamgeukia Pasi, akamwambia kwamba kesi inasikilizwa Alhamisi.

Alhamisi Pasi alifika kabla ya walinzi. Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo, kina feni moja na viti vya plastiki, na picha zake zilikuwa kwenye kompyuta juu ya meza, kubwa, angavu. Wakili wa mume hakuwa mkali. Alimuuliza kama ni kazi yake, akakubali. Alimuuliza zilipigwa lini, akataja siku, na saa nne na dakika arobaini. Kisha akamwomba aonyeshe alama.

Pasi akaeleza. Alisema zilikuwepo tano, akasema rangi yake, akasema alivyozifuta. Hakuruka kitu.

"Nani alikuomba uzifute?"

"Hakuna."

"Mke alikuomba?"

"Aliniomba nisiguse kitu."

"Nawe ukagusa," wakili alisema. "Kwa hiyo mahakama iache kuamini picha, iamini maneno ya mtu ambaye kazi yake ni kubadilisha anachokiona."

Hakimu, mzee aliyechoka ambaye hakuonekana kuwa na roho mbaya, alimwita mezani. Alimwambia aonyeshe basi mahali alipounga, penye dosari yoyote ile, hata ndogo. Pasi aliinama juu ya kompyuta. Alijua pa kuangalia, aliikuza picha mpaka ngozi ikawa vidoa vya rangi, akatafuta chini ya taya, akatafuta nyuma ya sikio. Alikuwa amefanya kazi vizuri kupita kiasi. Alipeleka kidole kwenye kioo, akasema hapa, na hapa, na hapa, na kila alipogusa palikuwa na ngozi nyororo ya mwanamke mwenye afya aliyekuja kupumzika. Hakimu alivaa miwani yake, akatazama muda mrefu. Akasema kwamba yeye haoni kitu.

Ombi lilikataliwa kwa kukosa ushahidi. Wakashauriwa wakayazungumze mbele ya wazee wa familia.

Kwenye korido mume alimpita Pasi, akamwinamia kidogo kwa heshima, akasema ahsante dada yangu, akaenda kusimama langoni pembeni ya gari lake. Hakuwa na haraka. Alipajua nyumbani kwa shemeji yake, na sasa hakukuwa na karatasi ya kumzuia kufika.

Mke alitoka mwisho, ameshikwa mkono na dada yake. Hakuwa na mtandio. Pasi alimwendea akijikwaa kwenye viti, akamshika mkono ule wa pili, na maneno yakamtoka bila mpangilio: kwamba amekosa, kwamba alidhani anamfanyia wema, kwamba atampiga picha upya, siku yoyote, popote, bila malipo, na safari hii hatagusa hata unywele.

Mke alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kuwa na hasira, na hilo ndilo Pasi alilolisimulia baadaye kwa kila aliyekubali kumsikiliza. Aliivuta kola ya blauzi yake chini, akageuza shingo upande mmoja, kisha wa pili, ili mpiga picha aone kuwa hakuna cha kupiga.

"Basi weka kamera karibu," alisema. "Nikipona na ya safari hii, nitakuita."

Dada yake akamvuta taratibu, wakashuka ngazi kuelekea langoni, kwa sababu mahakama ile ilikuwa na lango moja tu.