Kiti cha Mbele cha Gari la Wafanyakazi

Usiseme hukuona. Ulikuwemo kwenye gari la hoteli Ijumaa ile, Tumwagile alipotapikia ndani ya kitenge chake, nawe ukainama ukajifanya unatafuta kitu mkobani. Ndivyo ulivyomfanyia Agnesi miaka minne iliyopita. Alitapika mara tatu kati ya Kilosa na Mikumi, msimamizi Melkizedek akatangaza kwamba ana mimba, kazi ikaishia hapo. Leo Agnesi anauza vitumbua Dumila. Mimba gani hiyo isiyozaliwa miaka minne?

Sasa ilikuwa zamu ya Tumwagile, mfua mashuka, mjukuu wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Alishatapika mara mbili. Kila siku alipanda gari tumbo tupu, maana wanawake wa gari lile walifundishana hivyo: usipokula, utatapika nini? Akakaa benchi la ubavuni, ametazamana na magoti ya mwenzake, barabara haioni. Gari likifika kijiji cha Ulaya, mate yameshamjaa kinywani na jasho la baridi linamtambaa shingoni.

Jumapili akamwendea Hildegarda, nesi wa zahanati. Nesi akacheka.

"Mwanangu, hujapata mimba wala hujarogwa. Sikio linahisi gari linayumba, jicho linaona benchi limetulia. Wanabishana hao, tumbo ndilo linalochapwa. Hata matajiri kwenye meli zao za starehe, wenye vitanda na viyoyozi, bahari ikichafuka wanakumbatia ndoo. Kula kidogo, kitu kikavu. Kaa mbele, tazama mbali."

"Mbele anakaa bosi, mama."

"Ndiyo maana hatapiki!"

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, Tumwagile alitafuna kipande cha muhogo wa kuchoma, akaliwahi gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa.

Dereva Optatus alishtuka. "We dada, utaniponza."

"Waambie nilikushinda nguvu."

Wafanyakazi wakapanda nyuma, mmoja mmoja. Mwisho akaja Melkizedek, shati limepigwa pasi hadi kwenye kwapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shuka."

"Shikamoo nimekupa. Kiti sikupi."

"Mimba inakutia kiburi!"

"Twende zahanati, mzee. Mimi nipimwe tumbo, wewe upimwe masikio, maana tangu mwezi wa tatu nakuambia gari hili linanitapisha na hujasikia."

Kicheko kikapasuka nyuma, kisha kikamezwa.

Melkizedek akaegemea dirisha, akawakazia macho walioko kwenye mabenchi. "Haya. Anayeona huyu ana haki ya kukaa hapa, anyooshe mkono. Mkinyamaza anashuka, na hapandi tena."

Tumwagile hakugeuka. Alifikiria unga nyumbani, akafikiria ada ya mwanawe, lakini makalio yake hayakusogea hata inchi. Kwenye kioo akauona mkono mmoja unapanda: wa Selestina wa jikoni, mkono wenye makovu ya mafuta ya moto.

"Mmoja hautoshi," akasema Melkizedek. "Mwingine yuko wapi?"

Mikono saba imelala mapajani, na mmoja ni wako. Injini inanguruma. Kidole cha Melkizedek kimeshagusa kitasa cha mlango. Unyooshe mkono wako. Sasa hivi!