Walii Ndani ya Pejo

Munezero alikuwa amelala chali juu ya katoni, chini ya Pejo 404 nyeupe, akibandua vipande vya kandambili kutoka kwenye sakafu ya gari. Ndivyo mafundi wa Gisenyi walivyofanya kazi: tundu lolote likionekana, kata kandambili, ziba, vumbi lisiingie. Munezero alijifunza ufundi Mwanza kabla familia yake haijarudi Rwanda, na desturi hiyo ilimkera, ila hakuwa mtu wa kugombana na mji mzima. Alichomoa kipande cha mwisho chini ya mlango wa dereva. Yakamwagika maji ya ziwa, wakaanguka sambaza wawili, dagaa wa ziwani, wangali hai, kisha sauti ya mtu mzima ikauliza kutoka tunduni nani alitoa redio.

Munezero aliwatia sambaza kwenye kopo la maji safi, akaagiza Yasmina aitwe.

Yasmina alikuwa fundi cherehani pale Majengo. Gari lilikuwa la baba yake, Mzee Ramazani, aliyefia ng'ambo ya mpaka, Goma, mwaka wa tisini na nne bila mtu kuonyeshwa kaburi. Gari lilirudi miaka mitano baadaye likisukumwa na wapagazi, halina injini, na Yasmina alitaka lifufuliwe limbebe siku ya harusi. Alifika, akachuchumaa kando ya mlango.

"Baba, ni mi Yasmina."

"Najua. Nani alitoa redio?"

"Sijui, Baba. Ilikuwa vita."

"Bon," sauti ikakubali.

Yasmina alilia kidogo kwa furaha, akajifuta kwa ncha ya kitenge, kisha akaeleza shida yake. Mwanamke haozwi bila walii, mwanamume wa ukoo wa kumtolea idhini, na walii pekee aliyebaki ni Hakizimana, mdogo wa marehemu. Hakizimana aliishi katika nyumba ya Mzee Ramazani na kudai kaka yake alimpa kwa mdomo. Kusimama kama walii alikubali, lakini kwanza Yasmina atamke mbele ya wazee kwamba nyumba si yake. Yasmina alikataa. Mchumba wake, Habumugisha, dereva wa basi dogo la Rubona, alikuwa anasubiri mwaka wa pili sasa, na mama mtu alishaanza kumtajia wasichana wengine.

"Nyumba sikumupatia," alisema Mzee Ramazani. Neno la kwanza lilitokea chini ya pedali, la pili ndani ya buti.

Sheikh alipoelezwa, alikuna ndevu. Baba aliyekufa haozeshi, akasema, hilo halina mjadala; lakini baba anayeulizwa akajibu ni habari nyingine. Alitaka jambo moja tu: idhini isikike nzima, mahali pamoja, mbele ya mashahidi wawili. Maneno nusu kwenye pedali na nusu kwenye buti hayakubaliki.

Basi mzigo ukamwangukia Munezero. Alikwangua kutu, akapaka rangi kila tundu mpaka kingo zake, kwa maana kizibo juu ya bati tupu huficha kutu tu. Halafu akaleta kutoka Goma vizibo halisi vya mpira. Kila kimoja alikipaka maji ya sabuni, akakisukuma kwa kidole gumba na kukizungusha hadi mdomo wake ulikamate bati juu na chini. Mdomo ukijikunja hata kidogo, Mzee Ramazani alisikika kama ana mafua, na Munezero alikitoa akaanza upya. Kadiri matundu yalivyozibwa, sauti ilisogea, ikajikusanya chini ya mlango wa dereva.

"Hili halizibwi," Munezero alimwambia Yasmina. "Limetobolewa maji yatoke. Ukiliziba, gari linaoza kwa ndani."

Ndoa ilifungwa uani kwa Munezero, kiangazi, gari liking'aa katikati ya mikeka. Hakizimana naye alikuja, kanzu imepigwa pasi. Sheikh alichuchumaa mlangoni mwa dereva, akamuuliza Mzee Ramazani kama anamwakilisha, yaani anamkabidhi idhini, kumwozesha binti yake kwa Habumugisha. Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Mutu alikufa, sheikh," Hakizimana alisema kwa upole. "Donc, tuongee ya nyumba."

Yasmina alitazama mikono yake yenye hina. Alidhani baba yake amekataa, na hilo lilimuuma kuliko nyumba.

Habumugisha akakohoa. "Ni mi nilifunga tundu. Asubuhi, na kandambili yangu. Nilisema vumbi itaharibu nguo ya Yasmina."

Munezero alimtazama bwana harusi kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha akapiga magoti, akachokonoa kwa bisibisi. Maji yakalowesha viatu vya sheikh.

"Nimekuwakilisha," ilisema sauti, nzima, mahali pamoja. "Nilijibu tangu mara ya kwanza. Na nyumba sikumupatia mutu."

Mashahidi walisema wamesikia yote mawili. Hakizimana pia alisikia. Alitikisa kichwa kukubali, akala pilau sahani mbili, akawatakia maharusi heri, akarudi kwenye nyumba ya kaka yake na kufunga geti. Wazee walisema watalitazama jambo hilo. Bado wanalitazama.

Alasiri Habumugisha aliendesha, Yasmina kando yake, kwa injini iliyotoka kwenye Pejo nyingine. Walipita mbele ya nyumba.

"Mbona tunapita nyumbani?" aliuliza Mzee Ramazani.

Yasmina alitazama geti, kufuli mpya, na mparachichi alioupanda mama yake.

"Tunaenda kwangu, Baba. Rubona. Ni chumba kimoja tu, lakini ni yangu."

Walipomaliza kona, sauti ikauliza:

"Iko kivuli ya gari?"

"Iko, Baba."