Bega la Bibi Tega

Watoto wa mtaa mzima walimwita Bibi Tega, hata wale ambao mama zao walijua jina lake. Alikuwa msusi, na kila mtoto aliyekaa mbele yake alisikia "Kitendawili" kabla hajaonja chanuo. Mtoto naye sharti ajibu "Tega," na hapo ndipo kazi inapoanza.

Saluni ilikuwa ya watu wawili, yeye na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Chumba kimoja, kioo kirefu ukutani, viti viwili, beseni la kuoshea nywele na pazia mlangoni. Hilo pazia ndilo lililoleta balaa. Miaka miwili nyuma Bibi Tega alipanda kigoda kulitundika, kigoda kikacheza, akaangukia bega la kulia. Mfupa ukapata ufa. Ukafungwa, ukaunga. Lakini bega likaendelea kuuma kana kwamba ameanguka jana.

Liliuma akiinua mkono, liliuma akilala, na siku nyingine liliuma amekaa zake tu anamenya vitunguu. Akisuka kichwa kimoja leo, kesho anashinda kitandani. Wateja wakapungua, na wifi akaanza maneno. Mwanzoni yalikuwa ya utani, maana mawifi hawakosi la kuchokozana. Alisema bega lile lina kalenda yake, linajua siku za wateja wengi. Baadaye utani ukaisha. Akamwambia wazi kwamba amepata msusi mwingine, binti mwenye mikono miepesi, na mwezi ukiisha huyo ndiye atakayekishika kile kiti.

Bibi Tega akakitazama kile kiti. Kwa kiti kile alilea wanawe wote. Akiondoka pale akakae nyumbani, atakuwa nani?

Akaenda hospitali, wifi akimsindikiza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, alimgeuza mkono huku na huku, akatazama picha, akasema mfupa umepona vizuri. Kisha akaeleza kwamba mishipa ya fahamu hupeleka habari tu. Ubongo ndio unaoamua kama habari hiyo iumize, na iumize kiasi gani. Mtu akiumwa muda mrefu, ubongo huzidisha ulinzi, ukapiga kelele hata pasipo jeraha jipya. Akamtaka asiache kuutumia mkono, ila autumie kidogo kidogo, na apumzike kabla maumivu hayajapanda.

Maneno yalikuwa mengi, na Bibi Tega alishika mawili tu: mfupa umepona. Akajitupia mtandio wake, akatoka bila kuaga vizuri.

"Umemsikia?" wifi akamwambia njiani. "Bega limepona. Shida iko kichwani mwako."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, wifi, ila umelizungusha."

Wakaenda hivyo hivyo, kila mtu na upande wake wa barabara.

Mwezi ulikuwa ukingoni pale mama mmoja alipoingia na binti yake mdogo, nywele nene, zimejifunga mafundo. Wifi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, kwa hiyo Bibi Tega akachukua chanuo. Hata hajalisogeza, mtoto akapiga ukelele, machozi yakamwagika, mabega yakapanda mpaka masikioni. Mama aliona aibu. Akawaambia kwamba hayo ni maringo, hajaguswa hata unywele mmoja, na akanyoosha vidole amfinye.

"Mwache," Bibi Tega akasema. "Hajifanyi huyu. Anaumwa kweli."

"Anaumwa na nini, bibi? Chanuo bado unalo mkononi."

"Limeshamuumiza sana huko nyuma. Sasa kichwa chake hakingoji kiguswe ndiyo kilie. Kinalia mapema, kinajilinda. Lakini maumivu anayoyasikia ni maumivu, mwanangu. Siyo uongo."

Vichwa vya namna hiyo alikuwa amevisuka tangu usichana wake, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kumwita mwongo. Akatazama kioo. Mtoto amekunja mabega. Na nyuma ya mtoto, mtu mzima naye amekunja mabega, pumzi ameibana, mkono bado uko chini. Na bega lilikuwa limeshaanza kuuma. Wala hajainua kitu.

Kwenye kiti cha pili, wifi alikuwa ameacha kusuka, anasikiliza.

Bibi Tega akashusha mabega taratibu, akaachia pumzi. "Kitendawili."

Mtoto akavuta kamasi. "Tega."

"Ana meno mengi na hajawahi kula."

Mtoto akawaza, na akiwa anawaza chanuo likaingia kwenye ncha za nywele, likatoka. Akakisia msumeno. Akakisia babu, ila akakumbuka babu hana meno. Mwisho akashindwa, akatoa mji wa bibi yake. Alipoonyeshwa jibu, lilikuwa limeshafika katikati ya kichwa.

Baada ya mistari michache bega likaanza kupata moto. Siku nyingine Bibi Tega angekaza meno amalize, kisha alale kutwa. Leo akaushusha mkono mapema, akaupungapunga, akamwambia mtoto wapumzike wote wawili, sasa atege yeye.

"Ana miguu minne," mtoto akasema, "anaitwa paka."

Bibi Tega akafikiri sana, akashindwa, akatoa mji.

Walisuka na kupumzika, wakasuka na kupumzika, mchana wote ukaishia hapo. Maumivu hayakwenda popote. Ila hayakupanda mpaka kumtoa machozi, na kichwa kikaisha.

Mteja wa mwisho alipotoka, wifi alilalamika kwamba kwa muda ule binti mwenye mikono miepesi angemaliza vichwa vitatu.

"Ni kweli," Bibi Tega akasema. "Vichwa vikubwa mpe yeye. Watoto niachie mimi, kwa mwendo wangu. Kiti changu sikitoi."

Wifi akawa anatoa nywele kwenye chanuo, moja moja. Mwisho akasema beseni likisogezwa kidogo, pale pembeni panaingia kiti cha tatu. Kisha akauliza, na safari hii bila kejeli, "Sasa hivi linauma?"

"Linauma."

"Basi kaa, nifagie mimi."

"Nitafagia mpaka pale kwenye beseni. Panapobaki ni pako."

Akafagia, mkono huu kidogo, mkono huu kidogo, mpaka kwenye beseni, akakabidhi ufagio. Wifi akaupokea, akaanza kurudia pale pale palipokwisha kufagiliwa.