Uzi wa Mama

"Mafua?" nilimuuliza daktari. "Haya haya ya kupenga kamasi?"

Nyuma ya mlango ule, mdogo wangu Kitinda, kitindamimba wetu, mjamzito wa miezi saba, alikuwa anapumua kwa oksijeni. Juzi juzi tu alikuwa kwenye cherehani yake ananicheka kwamba nashona vifungo utadhani napigilia misumari. Leo midomo imekuwa ya kijivu, halafu mtu mzima ananiambia ni mafua! Nilitaka kumshika kola.

"Si mafua ya kawaida. Hii ni homa ya mafua," alisema. "Inakuangusha ghafla. Homa, kichwa, mwili mzima unauma kama umetwangwa. Wengi wanapumzika, wanapona. Mjamzito, mzee au mtoto mchanga inaweza kumshukia kwenye mapafu. Alichanjwa?"

Mungu wangu! Kliniki walimwambia achanjwe. Mama akacheka mpaka akashika mbavu: "Siku hizi hata mafua yana chanjo?" Kitinda akaona haya, akaacha.

"Basi ni Makaa!" nikafoka. "Ndiye kamwambukiza!"

Makaa ni mpiga pasi wa duka letu la ushonaji, na anakohoa mvua na jua. Wiki iliyopita, mama alipoanguka na homa, nilimtoa Makaa na meza yake nikampeleka barazani. Nikafungua madirisha yote, nikaweka ndoo na sabuni mlangoni, hapiti mtu bila kunawa. Na bado Kitinda akaanguka.

"Anayekohoa mwaka mzima mpelekeni akapimwe kifua," daktari akasema. "Mimi nauliza habari za mama. Siku moja kabla hajaugua alikuwa wapi?"

"Kazini. Mzima kabisa, anapiga soga."

"Karibu na mgonjwa?"

"Sasa asiwe karibu vipi? Mama ndiye anayetutungia sindano..."

Nikakumbuka uzi.

Kwetu ndivyo tunavyofanya kazi, tangu tukiwa watoto. Mama ana macho makali kutushinda sote, kwa hiyo anakaa katikati. Ukiishiwa uzi unapiga kelele, "Mama, uzi!" Anaulamba, anausokota, anaupitisha tunduni, anakupa. Uzi ukichomoka, unaulamba tena mwenyewe. Mkasi upo mezani, lakini uzi tunakata kwa meno. Siku ile Kitinda alikuwa anapindua pindo la gauni refu, na kila mara ilikuwa mama, uzi, mama, uzi.

"Mtu anaanza kuambukiza hata siku moja kabla hajajisikia vibaya," alisema daktari. "Zaidi ni matone ya kukohoa, kupiga chafya, hata kuongea karibu karibu. Siwezi kuapa kwamba ni uzi. Lakini mate ya mtu kwenda mdomoni kwa mwingine, dada yangu, mlikuwa mnatafuta nini?"

Nikageuka. Mama alikuwa kwenye benchi, amekwisha kupona, barakoa usoni, na kikofia cheupe cha mtoto mapajani. Alikuwa amesikia yote.

"Ni mimi?" akasema.

Mama yangu akiongea, mtaa mzima unasikia. Siku ile sauti yake ilikuwa ndogo.

Kesho yake tukarudi pale pale. Makaa alileta nguo za Kitinda, amezipiga pasi zimenyooka. Nikamwomba radhi. "Aa, usinirudishe ndani," akasema. "Barazani kuna upepo, halafu sikusikii ukipayuka." Nikacheka, kisha nikalia.

Mama akatoa sindano amalizie kikofia. Mkono ukapanda wenyewe mpaka kwenye barakoa, ukasimama hapo. Akautazama kana kwamba si wake. Akachukua mkasi, akakata ncha ya uzi kimshazari, akajaribu kuutunga mkavu. Ukakataa. Akajaribu tena.

Muuguzi akatoka. "Tumemwondolea oksijeni, anapumua mwenyewe. Mtoto anacheza tumboni. Anamtaka dada yake."

Niliruka! Nilifika mpaka mlangoni, nikashika kitasa, ndipo baridi ikanishuka mgongoni. Magoti yalikuwa yanauma, kichwa kinagonga. Tangu asubuhi nilikuwa najiambia ni uchovu, maana nilimkumbatia Kitinda njia nzima tukija hospitali. Nikaachia kitasa kama kimeniunguza.

"Dada?" Kitinda akaita kutoka ndani. "Mbona huingii?"

Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nimeziba mdomo kwa kiwiko. "Siingii, mdogo wangu. Imenishika."

Muuguzi akanipa barakoa, akafuta kitasa, kisha akamtazama mama. "Wewe umeshapona. Nawa mikono, uingie."

"Mimi?" Mama akanigeukia mimi, machozi yamejaa. "Mimi tena?"

"Wewe, mama," nikamwambia. "Hatuna mwingine wa kuingia."

Akaniachia kikofia na sindano isiyo na uzi, akaenda kunawa.