Bernardine na Alaska ya Warusi

Jamani, habari ya Warusi kuuza Alaska ilifika bonde la Ruzizi mwaka 1957, Jumapili moja baada ya misa, ikakaribia kumpokonya Bernardine shamba lake.

Mwalimu Térence aliisoma gazetini kwa sauti, pale wanapouzia kasiksi, pombe ya ndizi. Zamani Warusi waliwauzia Waamerika nchi nzima. Baadaye ikaonekana ina dhahabu. Watu wakagawanyika. Wengine wakasema Warusi wameula wa chuya, warudishiwe nchi yao. Wengine wakasema aliyekula amekula. Bibi mmoja akauliza waliokuwa wakiishi humo waliambiwa nini.

Bernardine alirudi nyumbani anachekacheka peke yake. Shamba aliloachiwa na marehemu mumewe lilipatikana kwa mtamba mmoja wa ng'ombe, ambaye baba mkwe alimpa baba yake Hyacinthe, mwenye ardhi. Na tangu hapo, kila mavuno, ni lazima kuwapelekea akina Hyacinthe mtungi wa pombe ya mtama. Kumbe, akawaza, walinunua! Mwaka huo hakupeleka kitu. Wee Bernardine! Mtu mzima, unasahau vipi kwamba asiyepeleka mtungi ameliaga shamba?

Hyacinthe alingoja weee, mwisho akamfuata palepale kwenye kasiksi, mbele ya watu, akamwita kwa jina la bintiye.

"Mama Generose, unahama?"

"Nihame niende wapi? Shamba ni yangu. Baba mkwe alinunua na ngombe, sawa Alaska."

Wengine wakapiga makofi. Hyacinthe hakupandisha sauti.

"Ile ngombe ilizaa kwetu. Ndama yake tulimupa bwana yako, akaipeleka kwenu, akakuoa. Basi na weye tulikununua?"

Uso ulimwaka Bernardine kwa aibu, kisha kwa hasira.

"Mimi, minye, si Alaska!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye mwenyewe kicheko kikamponyoka. Lakini aliogopa. Ameshaliaga shamba mbele ya mashahidi. Hyacinthe akitaka, kesho shamba atapewa mwingine.

"Shemeji," akasema polepole, kama kwa ndugu wa mumewe, "mtama iko. Nitapika pombe hii wiki. Utakunywa?"

Hyacinthe aliketi karibu naye, akajifuta macho kwa kiganja bila kujificha.

"Nitakunywa. Minye niliwaza mumetukataa. Kila jioni naangalia njia, nasema: basi, hawa watu hawatutaki tena."