Anachelewa Kulia

"Hivi mwenzetu, ukilia redioni huwa unamlilia nani?" jirani aliwahi kumuuliza, wakianika nguo. Alicheka, akasema kazi ni kazi. Hakusema kwamba hamlilii mtu. Humwiga tu Kinanda, shoga yake ambaye wameigiza pamoja michezo ya redio tangu wangali wasichana.

Asubuhi moja mkuu wa studio alimvisha hedifoni.

"Mama, sikiliza vilio viwili. Mzazi kaambiwa mwanawe amekufa. Kimoja cha mtu, kingine cha mashine. Niambie kipi kina ukweli."

Cha kwanza kilianza kwa ukimya. Kisha sauti kavu ikauliza, "Lakini alikuwa amekula?" Swali hilo halikuandikwa popote kwenye mchezo. Nywele zikamsimama. Ni mtu aliyezika mtoto anayeweza kuuliza upuuzi kama huo, na Kinanda alizika wawili.

Cha pili kilitiririka kama maji ya bomba. Kizuri, hakina hata kikohozi.

"Enhe?"

"Vyote vizuri, baba."

"Usinizungushe, mama. Nabakiza mtu mmoja tu, wa kuinoa mashine. Yule mzee aliyekuwa akichagua kilio cha mtu kila mara, si cha mashine, umemwona tena hapa?"

Hakuwa amemwona. Akawawaza wajukuu zake waliolala na chai tupu, akamwomba Mungu atazame pembeni kidogo.

"Cha pili."

"Cha kwanza kina kasoro gani?"

"Anachelewa kulia."

Mkuu akafungua mlango. Kinanda alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, macho bado mekundu.

"Ingia, mama. Fundi wa vilio mwenyewe kasema unachelewa kulia. Mimi sina neno."

Kinanda hakumtazama mkuu. "Shoga, hukunijua?"

"Haki ya Mungu, sikujua ni wewe."

Kiapo kilimtoka chepesi, kama salamu. Kinanda akatikisa kichwa polepole, kama anayepokea habari za msiba wa mbali.

Mkuu alishageukia mashine yake. "Haya, fundi wa vilio, tuanze. Ile ya kunyamaza kwanza, halafu swali la chakula, nimeipenda sana. Ifundishe mashine kulia hivyo."

Kinanda aliona waya wa hedifoni umemzunguka shoga yake shingoni. Akainama, akauzongoa, akamtengenezea vizuri begani. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka.