Taa ya Kusikilizia

Mama yangu hasikii. Anasoma midomo, na jua likizama husikiliza kwa taa ya mezani iliyo kando ya kiti chake. Mbona, binti wa kaka yangu tuliyembandika jina hilo kwa maswali yake, ndiye humsimulia habari za shule kila jioni. Bila taa, bibi na mjukuu hukaa wakitazamana tu.

Wiki ile taa ilianza kupepesa. Mimi ni fundi umeme, taa za nyumba za watu zinawaka, na ya mama yangu naipiga kalenda. Mganga hajigangi, wanasema. Watoto wakachoka kuningoja.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikawakuta sakafuni. Mbona ameshika kisu cha jikoni, mdogo wake Kitinda amemshikia waya wa taa, na plagi bado iko ukutani.

"Wee! Weka chini!"

Nilichomoa plagi, nikamnyang'anya kisu, huku nikifoka mpaka jirani akafungua dirisha. Mama alituona, lakini taa ya dari ilinitia kivuli usoni, hivyo hakujua ninasema nini. Mbona akaangua kilio.

"Mbona tulizima swichi ya taa, shangazi? Tulitaka Bibi asikie."

Hasira ziliniishia palepale. Ikabaki hofu. Nikauweka mto katikati ya sebule.

"Kitinda, wewe ni umeme. Huu mto ni balbu. Toka ukutani kwa waya mmoja, pita kwenye balbu, rudi kwa waya wa pili. Umeme bila njia ya kurudi hautembei."

Akakimbia akivuma, mto ukala teke.

"Mbona, wewe ni swichi. Simama kabla ya mto, mzuie."

Kitinda akagota kwenye mkono wa dada yake.

"Taa inawaka?"

"Haiwaki."

"Umeme uko wapi?"

"Si huyu hapa, nyuma ya mkono wangu."

"Na kisu mlikiweka wapi?"

Mbona akatazama ukuta, kisha mdogo wake. "Upande wake," akasema kwa sauti ndogo.

"Umeme hauchagui taa wala mtu. Ukigusa waya uliochubuka, unapita mwilini mwako kwenda ardhini. Ganda la waya ndilo linalotukinga. Kwa hiyo kuzima hakutoshi, plagi itoke ukutani. Na hata ikitoka, kisu ni changu, si chenu."

Nikabadilisha waya wote kabla hata sijavua viatu. Nikamwambia Mbona awashe. Akaficha mikono mgongoni.

"Siigusi tena."

Iliniuma. Nilitaka auheshimu umeme, sikutaka akikwepe kiti cha bibi yake.

"Waya ni mzima," nikamwambia. "Mikono ikiwa mikavu, swichi ni ya kidole chako. Ndiyo kazi yake."

Sikumshika mkono. Akafuta viganja kwenye sketi, akavifuta tena, akabonyeza. Taa ikawaka, ikatulia.

Mama akainama mbele, akautazama uso wa mjukuu wake. "Shangazi yako alisema nini pale, mpaka ukalia?"

Mbona akafikiri. Kisha akajibu polepole, midomo yake ionekane vizuri.

"Alisema ananipenda, Bibi. Ila alisema kwa kelele."

"Kelele zile," Mama akasema, "hata mimi nilizisikia."